Kuchemsha Maji Hakutoshi: Jinsi Metali Zinavyoweza Kuondoa Naitreti kwenye Maji ya Kunywa

Mhariri wetu amenikaba koo muda mrefu sasa, ananiambia kila toleo linajaa siasa, mashairi na picha za sherehe, na sisi watu wa uhandisi tumekaa kimya kama hatupo chuoni. Basi leo nimekubali yaishe. Nitaeleza kazi ninayoifanya maabara, ila nitaanzia mbali kidogo, jikoni kwa rafiki yangu, kwa sababu huko ndiko nilikoulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu.

Huyu rafiki yangu nitamwita Baba Nasra, si jina lake. Yeye na mkewe ni wanafunzi kama sisi, na kwa ajili ya kupunguza kodi walipanga nyumba nje ya mji, katikati ya mashamba ya mahindi. Wale mnaosoma hapa Iowa mnajua ninachosema, ukitoka mjini dakika kumi tu ni mahindi na soya mpaka macho yanachoka. Nyumba ile haina maji ya mji, ina kisima chake. Nasra alipozaliwa tulikwenda kumwona, tukala pilau, tukanywa chai, tukaondoka. Nilikwenda tena baada ya wiki saba. Shemeji alikuwa amerudi darasani, kwa hiyo mchana mtoto alikuwa anakorogewa maziwa ya unga. Nikamwona Baba Nasra anachemsha sufuria la maji, yanatokota kwelikweli.

Nikamuuliza, "Haya ni maji ya kisima?"

"Ndiyo, lakini usiwe na wasiwasi kaka, tunayachemsha dakika kumi nzima. Bibi yake alituambia kwenye simu tusizembee."

Jamani, mimi ndiye mtu wa naitreti. Miaka mitatu nakula, nalala na kuota naitreti. Na nilikuwa nimekunywa chai ya maji yale yale mara ya kwanza bila hata kuuliza. Siku ile niliona aibu. Kesho yake nilirudi na vijikaratasi vya kupimia kutoka maabara, rangi ikapanda mpaka waridi iliyokolea. Tukapeleka maji kwenye maabara inayotambuliwa na serikali ya jimbo, jibu likarudi: miligramu 20 kwa lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani ni 10.

Nasra alipelekwa kliniki siku hiyo hiyo ya vijikaratasi. Damu yake ilipimwa, daktari akasema imeanza kuathirika kidogo, lakini hahitaji dawa, waache tu yale maji mara moja. Alhamdulillahi, leo anatambaa na kuvunja vikombe vya watu. Ila shemeji aliniuliza swali moja: "Sasa wewe shemeji si ndiyo unasomea kusafisha maji hayo? Hiyo mashine yako mbona hukutuletea?" Makala hii ndiyo jibu langu.

NAITRETI NI KITU GANI?

Naitreti ni chembe ndogo ya naitrojeni moja iliyoshikwa na oksijeni tatu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni chakula cha mimea, ndiyo maana mkulima anaimwaga shambani kwenye mbolea. Tabia yake mbaya ni moja: inayeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai, na udongo hauishiki. Mvua ikinyesha, ile ambayo mahindi hayakuiwahi inateremka na maji mpaka kwenye kisima au mtoni.

Hapa Iowa kuna jambo jingine linaloharakisha. Mashamba mengi zamani yalikuwa ni tope na vinamasi, kwa hiyo wakulima walifukia mabomba chini ya ardhi ya kutolea maji. Maji yanapita kwenye mabomba hayo moja kwa moja hadi mtoni pamoja na naitreti, bila kukaa ardhini ambako bakteria wangeweza kuipunguza. Jiji la Des Moines linachukua maji yake kutoka Raccoon River na Des Moines River, na tangu mwaka 1992 limelazimika kuwa na mtambo maalumu wa kuondoa naitreti. Mwaka 2015 idara ya maji ya jiji hilo ilizishtaki mamlaka za mifereji za wilaya tatu za mashambani, na kesi ikatupwa mwaka 2017. Kisha Juni 2025 naitreti ilipanda mtoni kiasi kwamba wakazi wa jiji na miji ya jirani walipigwa marufuku kumwagilia majani ya nyumba zao, ili mitambo iweze kumudu maji ya kunywa peke yake.

Kwetu Afrika Mashariki chanzo mara nyingi si mbolea, ni choo. Choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima kifupi, mkojo na kinyesi vinaoza, amonia inageuzwa na bakteria kuwa naitreti, nayo inatembea na maji ya ardhini. Mimi nimezaliwa Dodoma. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa kisayansi kuhusu naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya eneo letu, na maji taka yakatajwa miongoni mwa vyanzo. Niliusoma nikiwa huku ughaibuni, maili elfu na elfu kutoka kisima cha nyumbani.

KUNA NINI KWA MTOTO MCHANGA?

Mtu mzima mwenye afya akinywa naitreti kiasi, sehemu kubwa inatoka na mkojo. Mtoto wa chini ya miezi sita ni habari nyingine. Tumbo lake halina asidi kali, hivyo bakteria wanaweza kuishi humo na kuigeuza naitreti kuwa naitraiti, yaani inapungukiwa oksijeni moja. Naitraiti ikiingia kwenye damu inaharibu chuma kilichomo ndani ya himoglobini, na himoglobini ikiharibika hivyo haibebi tena oksijeni. Mtu mzima ana kimeng'enya cha kuirekebisha, mtoto mchanga anacho kidogo. Matokeo yake mtoto anapumua vizuri tu, lakini mwili unakosa hewa.

Daktari Hunter Comly wa hapa hapa Iowa ndiye aliyeandika habari hii mwaka 1945, baada ya kuona watoto wachanga waliobadilika rangi kwa kupewa maji ya visima vya mashambani. Tangu hapo Wamarekani wanauita ugonjwa wa mtoto wa bluu. Sasa sikilizeni wazazi wenzetu: vipeperushi vya hapa vinaandika "ngozi ya mtoto inakuwa bluu". Ngozi ipi? Kwa watoto wetu weusi hutaiona kwenye ngozi. Angalia midomo, ulimi, fizi na kucha. Ukiona vimekuwa vya kijivu au zambarau, mtoto amelegea au anahema haraka, usisubiri kesho, kimbia hospitali. Damu yake ikitolewa inaonekana ya kahawia kama chokoleti. Dawa ipo, na cha ajabu ni kwamba dawa yenyewe ni rangi ya bluu, inaitwa methilini bluu, inadungwa kwenye mshipa.

Na hili la kuchemsha sasa. Sote tumelelewa tukiambiwa maji yachemshwe, na ni kweli, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini naitreti si mdudu, haifi. Ukichemsha lita 5 zenye miligramu 20 kwa lita, una jumla ya miligramu 100. Mvuke ukiondoka na lita moja, zimebaki lita 4 na miligramu ni zile zile 100. Kila lita sasa ina 25. Baba Nasra kwa upendo wake wote alikuwa anaongeza sumu badala ya kuipunguza.

TAHADHARI YA VIPIMO

Wanaosoma Uingereza na Ulaya watasema, "Mbona kwetu kiwango ni 50?" Hakuna ugomvi hapo. Marekani wanapima naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, kiwango 10. Shirika la Afya Duniani na nchi za Ulaya wanapima chembe nzima ya naitreti pamoja na oksijeni zake, kiwango 50. Ukitaka kuhama kutoka kipimo cha Marekani kwenda cha Ulaya zidisha kwa 4.43, kwa hiyo 10 ya Marekani ni kama 44 ya Ulaya. Vinakaribiana. Ila ukisoma ripoti bila kuangalia kimeandikwa nini, unaweza kuona 30 ya Marekani ukadhani uko salama, kumbe ni zaidi ya 130.

NJIA ZINAZOTUMIKA SASA

Mtambo wa Des Moines unatumia rezini, yaani vipunje vidogo vyenye chumvi. Maji yakipita, rezini inashika naitreti na kuachia kloridi. Ikijaa inaoshwa kwa maji ya chumvi kali, inaanza upya. Njia ya pili ni kusukuma maji kwa presha kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno, ndiyo vile vichujio vinavyofungwa chini ya sinki. Zote mbili zinafanya kazi, lakini angalia: naitreti haijaangamizwa, imehamishwa tu. Inabaki kwenye maji machafu ya chumvi ambayo lazima yapelekwe mahali, na mara nyingi yanarudi mtoni, kwa jirani aliye chini. Ni kama kufagia chumba ukasukumia takataka kwa mwenzio.

Njia ya tatu ni bakteria wanaokula naitreti na kuitoa kama gesi ya naitrojeni. Hao wanaiangamiza kweli. Ila ni viumbe hai, wanataka chakula na joto linalofaa, baridi ya Januari ikija wanazubaa, na si kila idara ya maji inapenda kufuga bakteria kwenye maji ya kunywa.

Sisi watu wa metali tunataka kuiangamiza naitreti kama bakteria wanavyofanya, lakini bila kufuga kitu.

KICHOCHEO NI MSHENGA

Kemia ya shule ya sekondari ilitufundisha kwamba kichocheo kinaharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa. Mimi nikifundisha wadogo zangu nawaambia kichocheo ni mshenga. Kijana yuko huku, binti yuko kule, familia hazijuani. Mshenga anakwenda, anarudi, anapeleka barua ya posa, ndoa inafungwa. Yeye haoi wala haolewi, na wiki ijayo yuko tayari kwa posa nyingine.

Hapa wanaotafutwa kuunganishwa ni naitreti na haidrojeni. Ukiviacha majini peke yake vitakaa pamoja miaka bila kugusana. Mwaka 1989 Wajerumani wawili, Vorlop na Tacke, walionyesha kwamba ukiweka paladiamu iliyochanganywa na shaba, haidrojeni inainyang'anya naitreti oksijeni zake mpaka inabaki naitrojeni tupu, ile ile gesi ambayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta. Naitreti mbili na haidrojeni tano zinatoa gesi moja ya naitrojeni, maji, na kiasi kidogo cha alkali. Hakuna takataka ya kumpelekea jirani.

Paladiamu ni ndugu wa platinamu. Wengi wenu mmekaa karibu nayo bila kujua, imo kwenye kile kifaa cha bomba la moshi la gari kinachosafisha gesi chafu, ambacho wezi wa hapa wanakikata usiku kwenye maegesho.

MBONA METALI MBILI?

Swali zuri, na ndiyo sehemu ninayoipenda. Paladiamu ni hodari sana kwa haidrojeni: inapokea chembe mbili zilizoshikana na kuzitenganisha, kila moja inakuwa huru na yenye njaa ya oksijeni. Lakini naitreti yenyewe haiigusi. Ni imara mno, inapita juu kama maji kwenye jani la mgomba.

Hapo anakuja mshenga wa pili: shaba, bati au indiamu. Metali hizi zinapenda oksijeni. Zinaishika naitreti, zinaivua oksijeni moja, na naitraiti inaachiwa. Kwa kufanya hivyo zenyewe zinapata kutu, na zingebaki na kutu hivyo mpaka kiama, ila paladiamu iliyo pembeni inasogeza haidrojeni yake, inaiondoa ile kutu, inakuwa maji, na metali inarudi safi kuanza tena. Naitraiti si ngumu kama naitreti, paladiamu inaimaliza peke yake.

Kwa hiyo lazima metali hizi zikae bega kwa bega. Shaba au indiamu ikiwa kidogo, hakuna wa kuishika naitreti. Ikizidi ikaifunika paladiamu yote, haidrojeni inakosa mlango. Timu ya Profesa Michael Wong wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, ilieleza mwaka 2018 kwamba kwa indiamu na paladiamu kazi ilikwenda vizuri zaidi pale indiamu ilipofunika takriban asilimia 40 ya uso wa chembe za paladiamu.

Na kwa nini tunasema "uso"? Kwa sababu kazi yote inafanyika juu ya uso, ndani ya metali hakuna kinachoendelea. Ukiwa na kipande cha mchemraba cha sentimita moja kila upande, uso wake ni sentimita 6 za mraba, kama stempu ndogo. Ukikikata vipande vya nanomita 10, yaani mstari wa vipande milioni moja kwa kila sentimita, uso wa vyote pamoja unafika mita za mraba 600. Hicho ni kiwanja cha mita 20 kwa 30, mtu anajenga nyumba na kubakiza uwanja. Metali ni ile ile na uzito ni ule ule. Ndiyo maana hatutumii vipande, tunatumia chembe za nano zilizobandikwa juu ya unga wa alumina au kaboni ili zisiondoke na maji.

SASA MATATIZO, NAYO SI MADOGO

La kwanza ni amonia. Baada ya naitraiti kufika kwenye paladiamu kuna njia panda. Naitrojeni mbili zikikutana zinashikana, zinakuwa gesi na kuondoka. Naitrojeni moja ikizingirwa na haidrojeni nyingi kabla ya kumpata mwenzake, inakuwa amonia, inabaki majini. Tufanye hesabu: maji ya akina Nasra yana 20, na asilimia 5 tu ikipotelea kwenye amonia, hiyo ni miligramu 1 ya naitrojeni kwa lita, wakati Ulaya kiwango cha amonia ni nusu miligramu tu. Pia amonia inakula klorini, kwa hiyo ile dawa ya kuua vijidudu inapungua nguvu. Alkali inayotoka kwenye kazi yenyewe inazidisha tabia hiyo, ndiyo maana tunapitisha kaboni dayoksaidi kuituliza. Wengine wanatumia asidi ya fomiki badala ya haidrojeni, ile inayokuwasha ukivamiwa na majimoto kwenye mwembe, kwa sababu inatoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi kwa pamoja.

La pili ni haidrojeni yenyewe. Kuondoa miligramu 20 za naitrojeni kunataka kama miligramu 7 za haidrojeni, na lita ya maji kwa presha ya kawaida inabeba chini ya miligramu 2. Lazima uendelee kuilisha njiani, na hii ni gesi inayolipuka. Shemeji, ningekuwekea mtungi wa haidrojeni jikoni kwako penye jiko na mtoto?

La tatu ni salfa, na hili limenitoa machozi. Mwaka jana nilikuwa na safu ya kioo yenye kichocheo changu cha paladiamu na indiamu, nikaacha maji ya mchanga safi wa maabara, nikapitisha maji halisi ya kisima. Siku nane naitreti ilishuka vizuri mno, nikampigia mama simu nikamwambia mwanao anakaribia kumaliza. Siku ya tisa ikapanda. Ya kumi na moja safu ikawa haifanyi kitu. Nilipoifungua nikapigwa na harufu ya mayai viza. Bakteria walikuwa wamejenga nyumba humo, wakaigeuza salfeti ya maji kuwa salfaidi, na salfaidi ikishika paladiamu haiachii. Mshenga wangu alikuwa amefungwa kamba. Nilichojifunza kwa walionitangulia ni kwamba unaweza kumfungua kwa kuosha na haipokloraiti, yaani jiki, ile ile tunayofulia mashuka meupe. Nilijaribu, sehemu kubwa ya nguvu ilirudi. Lakini katika mtambo wa mji mzima, mara ngapi utaosha, na kila ukiosha unapoteza metali kiasi gani? Ndiyo sura ya nne ya tasnifu yangu, na haijaisha.

La nne ni bei. Machi 2022 paladiamu ilipita dola 3,000 kwa aunsi. Baadaye ilishuka sana, lakini metali inayotoka kwa wingi Urusi na Afrika Kusini tu, bei yake haimwulizi mtu. Hakuna mji unaopanga bajeti ya maji juu ya kitu kama hicho bila hofu.

Kwa sababu hizi, wengi wetu hatuiwazi tena kama mashine ya kukaa bombani peke yake. Tunaipeleka kwenye yale maji ya chumvi yanayotoka kuoshea rezini. Rezini inakusanya naitreti, kichocheo kinaiangamiza kwenye ndoo ndogo badala ya mto mzima, na chumvi inatumika tena. Amonia kidogo pale haiendi kwa mnywaji. Wengine wamegeuza tatizo kuwa faida: mwaka 2022 watafiti wa Rice walionyesha kwamba umeme ukipita kwenye nyuzi za shaba za nano zenye atomu chache za rutheniamu, naitreti ya maji machafu inageuka amonia kwa wingi, na amonia ni mbolea.

Nikiwaza hilo huwa nacheka peke yangu. Mbolea hii ilianza na kichocheo. Mwaka 1909 Fritz Haber aliunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni kuwa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake walikuwa na kiwanda kinachofanya hivyo kwa kichocheo cha chuma huko Oppau, Ujerumani. Mamilioni ya watu wanakula kwa sababu hiyo. Kazi yangu ni kuirudisha hewani ile iliyowapita mahindi.

JE, KWETU?

Nikienda likizo Dodoma wazee wananiuliza lini nitaleta teknolojia. Zamani nilikuwa nawaahidi. Siku hizi nasema ukweli. Kwa kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka choo, paladiamu si jibu. Jibu ni kuhamisha choo, kujengea kisima vizuri, kuchimba kirefu zaidi, kuchanganya maji mabovu na mazuri mpaka kiwango kishuke, na zaidi ya yote kupima. Kijikaratasi cha bei ndogo kingemwokoa mtoto kabla ya mashine yoyote ya nano. Lakini kwa miji yenye visima vikubwa vya pamoja na maabara ya kudumu, ambako choo kimekwisha kuharibu maji ya ardhini kwa miaka mingi na hakuna pengine pa kuchimba, siku ya kichocheo inaweza kufika. Nataka siku hiyo awepo mtu wa kwetu anayejua mayai viza yananuka kwa sababu gani.

UFANYE NINI LEO

Ukiwa kwenye maji ya mji hapa Marekani, idara ya maji lazima itoe ripoti kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai. Isome, tafuta naitreti. Ukiwa kwenye nyumba yenye kisima, jua kwamba Sheria ya Maji Salama ya mwaka 1974 haikusimamii, kupima ni juu yako, na usitegemee mwenye nyumba akwambie. Pima walau mara moja kwa mwaka, hasa baada ya mvua za masika yao. Kile kijagi chenye kichujio cha mkaa cha kuweka kwenye friji hakiondoi naitreti, kinaondoa harufu tu na vitu vingine. Kichujio cha utando chini ya sinki kinaondoa, mradi kihudumiwe. Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama ndiyo salama zaidi, na kama ni ya unga basi tumia maji uliyohakikisha. Na tafadhali mpigie bibi simu umweleze kwa upole kwamba kuchemsha ni kuzuri kwa vijidudu, lakini kuna sumu isiyoogopa moto.

Shemeji, nadhani umenielewa. Mashine yangu bado ni safu ya kioo ya urefu wa mkono, inahitaji mtungi wa gesi, jiki na mtu wa kuilinda usiku. Nilichoweza kukuletea siku ile kilikuwa ni kijikaratasi tu, na nilichelewa wiki saba. Nyumba nyingine nikikaribishwa chai, nitauliza kwanza maji yanatoka wapi.

Nawatakia masomo mema. Mwenye swali anikamate kwenye mkutano wa Ijumaa, vijikaratasi ninavyo mfukoni.